Sauti ya Kusaga Chini ya Motokaa

Mtu akitoka Bunda kuja kwetu Mugeta wakati wa kiangazi, huona njia kavu yenye vumbi, naye hushangaa akiambiwa ya kuwa mahali hapo hapo, mwezi wa nne, motokaa huzama hata ekseli. Lakini ndivyo ilivyo. Udongo wetu wa mbugani ni mweusi. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu, na ukinywa maji hunata na kuteleza kwa pamoja, jambo ambalo mgeni haliamini mpaka avue viatu. Kwa hiyo motokaa nyingi zitumikazo huku, za misheni, za hospitali, za serikali na za wafanya biashara, ni zile zivutazo kwa magurudumu yote manne, kama Land Rover na Land Cruiser. Kwa watu wetu hizo si motokaa za fahari. Ndizo zichukuazo mama mwenye uchungu usiku wa manane, ndizo ziletazo mitihani ya shule na dawa za zahanati. Ikilala moja, kijiji kizima hujua.

Basi twataka kunena habari ya ugonjwa mmoja wa motokaa hizi, ambao twaona umekula fedha za watu wengi pasipo haja. Ugonjwa wenyewe huanza kwa sauti: kitu chasaga chini ya miguu ya dereva, kama mtu asagaye ulezi wenye mchanga juu ya jiwe. Wote waliomo husikia, na mara mmoja wao husema, "Transfa imekufa." Neno hilo likiisha kusemwa, aghalabu hakuna aulizaye tena; watu huanza kuhesabu fedha. Sisi twaona ya kuwa husemwa mapema mno, na transfa huhukumiwa kabla shahidi hajasikizwa.

Kwanza msomaji ajue transfa ni nini. Nguvu ya injini hupita katika klachi, ikaingia giaboksi, na katika lori la kawaida hutoka hapo kwa shafti moja ndefu, yaani propela, ikaenda kuyazungusha magurudumu ya nyuma. Katika motokaa zetu hizi, nyuma ya giaboksi pameshikizwa sanduku jingine dogo la chuma. Hilo ndilo transfa. Kazi zake ni mbili: kuigawa nguvu, ipate kwenda nyuma kwa propela moja na mbele kwa propela nyingine, tena kuibadili, iwe nyepesi kwa safari au nzito kwa tope na milima. Wenzo mdogo ulio kando ya wenzo wa gia ndio uamrishao hayo. Katika motokaa nyingi za siku hizi mahali pake pana kitufe tu. Mpango huu haukuanza jana. Wamarekani waliutumia katika Jeep zao za vita tangu 1941, Waingereza wakaionyesha Land Rover ya kwanza mwaka 1948, na Wajapani wakafuata mwaka 1951 kwa motokaa ambayo mwaka 1954 ilipewa jina la Land Cruiser. Ndani ya sanduku hilo mna gia zenye meno, beringi za kushikilia shafti, na oili; katika baadhi ya motokaa mna mnyororo mpana wa kupeleka nguvu mbele. Vitu viwezavyo kusaga humo si vingi, na vile viwezavyo kusaga nje yake ni vingi kuliko vilivyomo.

Sasa twende kwenye asili ya madhara. Aliyelima kwa plau ajua ya kuwa maksai wawili wakifika mwisho wa shamba na kugeuka, yule wa nje hutembea njia ndefu kuliko wa ndani. Magurudumu nayo yana tabia hiyo. Motokaa ikikata kona, yale ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika Land Cruiser nyingi za kazi, dereva akiisha kuunga mbele, transfa huzifunga propela zote mbili zizunguke sawasawa kabisa, wala hakuna moja iwezayo kuipisha nyingine. Matopeni hapana neno, kwa kuwa gurudumu huteleza kidogo na ugomvi ukaisha. Juu ya lami kavu gurudumu haliwezi kuteleza hivyo. Basi ile tofauti ya mwendo haina pa kutokea, hubaki ndani ya chuma, ikizisokota shafti, ikiyakaza meno ya gia na kuyala matairi. Dereva huona usukani mzito, motokaa yajivuta kana kwamba breki imeshika, na wenzo mdogo haukubali kutoka.

Hapa kwetu jambo hili hutokea mahali pajulikanapo. Dereva ameteseka katika tope saa nzima. Afika Bunda penye barabara kuu ya lami, ile itokayo Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Amshukuru Mungu, akanyaga mafuta, na wenzo angali ameuacha pale pale alipoutia matopeni. Akifika mwisho wa safari asikia kusaga, naye anena ya kuwa njia za vijijini zimemharibia motokaa. Njia zetu zina makosa mengi, lakini hilo si lao. Wenzo ukikataa kutoka, usiupige teke. Irudishe motokaa nyuma polepole, moja kwa moja, hatua chache, nao utalegea. Usipolegea, gurudumu moja la mbele liinuliwe kwa jeki, mengine yakiwa yamezuiwa kwa mawe, wala mtu asiweke mkono wake karibu nalo, maana huenda likazunguka kwa ghafula.

Land Rover za namna ya Defender, pamoja na zile zilizoitangulia tangu 1983, nyingi zimetengenezwa kwa shauri jingine. Hizo huvuta kwa yote manne daima, na ndani ya transfa mna difu ya kati ya kuwapatanisha wa mbele na wa nyuma. Hata hivyo difu hiyo ina kufuli yake, na aifungaye matopeni akasahau kuifungua juu ya lami ameirudisha motokaa katika ugomvi ule ule.

Tena liko jambo ambalo ufukara ndio uletao. Watu wetu hawanunui matairi manne kwa siku moja. Hununua mawili, wakayatia mbele, na yale yaliyolika huenda nyuma. Tairi lililolika ni dogo kuliko jipya, kwa hiyo lazima lizunguke mara nyingi zaidi kwa njia ile ile. Mbele ikiisha kuungwa, motokaa hiyo yapigana na nafsi yake hata katika njia iliyonyoka. Hatuwezi kumwambia mtu asiyekuwa na fedha anunue manne. Twamwambia tu aunge mbele penye tope la kweli, na tope likiisha aachie pale pale, asingoje mpaka nyumbani.

Haya tumeyajua kwa sababu yalitufika. Wakristo wa kwetu walikuwa na Land Cruiser kuukuu, iliyopatikana kwa michango ya miaka mingi, nayo ilitumika kupeleka wagonjwa na kuwazungusha wahubiri. Katika masika ya mwaka mmoja ikaanza kusaga. Fundi mmoja wa mjini akaipanda, akaenda nayo mwendo wa dakika chache, akashuka akasema transfa yote imekwisha na itafutwe nyingine. Bei aliyoitaja ilikaribia kuwa sawa na fedha tulizokuwa tumeziweka kwa mabati ya darasa la watoto wadogo. Daftari la michango ile tuliliandika sisi, na kila jina tulilijua: huyu alitoa debe la mahindi, yule kuku wawili, mjane fulani alileta noti zilizofungwa katika pindo la kanga. Wazee wakaketi baraza. Wengine wakanena ya kuwa mabati na yangoje, kwa maana mgonjwa hangoji. Neno lao lilikuwa na haki, na la kuwajibu hatukuwa nalo. Tuliomba siku tatu tu.

Ndipo akaletwa mzee mmoja, fundi aliyestaafu, ambaye ujana wake wote aliutumia kutengeneza motokaa zilizokwenda Serengeti. Alikuja na mkoba wa spana, lakini hakuufungua mpaka jua lilipoanza kushuka. Alimketisha dereva juu ya gogo, akamwambia, "Mwanangu, nieleze. Sauti yaja motokaa ikisimama, au ikienda tu? Yafuata mbio za injini, au mbio za magurudumu? Ukiachia mafuta yapungua au yazidi? Ukiwa hujaunga mbele, ipo? Kona ya kushoto na ya kulia ni sawa?" Dereva akajibu, "Shikamoo yako naiomba tena, mzee, maana sikupata kuulizwa hivyo." Watu wakacheka. Lakini kweli, mtu yule aliiendesha motokaa ile kila siku, na yule wa mjini hakumwuliza hata neno moja.

Twaikumbuka habari ya Samweli alipokuwa mtoto akitumika mbele ya kuhani. Aliisikia sauti kweli, masikio yake hayakumdanganya. Lakini mara tatu alimkimbilia Eli, na Eli hakumwita. Nasi juu ya motokaa twafanya vivyo hivyo.

Mzee akaanza kujaribu. Motokaa imesimama, injini yanguruma, giaboksi haimo katika gia. Akamwambia dereva aikanyage klachi, kisha aiachie, kisha aikanyage tena. Kama sauti ingalizuka klachi ikikanyagwa, ingalishitakiwa beringi ya klachi. Kama ingalizuka klachi ikiachiwa, beringi ya mbele ya giaboksi. Haikuzuka.

Akaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu. Jambo hili msomaji asilipite upesi. Transfa ikiwekwa katikati, pasipo kushika upande wowote, giaboksi haiwezi tena kuizuia motokaa, hata uiache katika gia ya kwanza. Itateremka mlima na watu ndani. Tena katika Land Rover nyingi breki ya mkono hushika propela ya nyuma na si magurudumu yenyewe. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, breki hiyo haina nguvu. Kwa hiyo mawe kwanza. Kisha akaiweka transfa katikati, akamwambia dereva atie gia ya tatu na kuachia klachi taratibu. Giaboksi ikazunguka, na gia za kuingilia za transfa zikazunguka, motokaa isijongee. Tukasikia mvumo wa kawaida tu. Kwa hiyo giaboksi, pamoja na upande ule wa transfa, ikaachiliwa huru.

Ikabaki njia. Land Cruiser ile ina habu katika magurudumu ya mbele, ambazo dereva huzifunga kwa mkono kabla ya kuingia matopeni na kuzifungua akitoka. Dereva wetu alikuwa akiziacha zimefungwa masika yote, asichafuke mikono kila mara. Zikifungwa, magurudumu ya mbele huizungusha difu ya mbele na propela yake hata kama wenzo haujaungwa. Mzee akazifungua, tukaenda mpaka penye mwembe wa njia panda: kimya. Akazifunga, wenzo akiuacha kama ulivyokuwa, tukarudi: kusaga kukawako, kukizidi kwa kadiri ya mwendo. Basi ugonjwa ulikuwa mbele, nao ulikuwa katika kimoja cha vitatu: difu ya mbele, propela ya mbele, au beringi ile ya transfa ishikayo mdomo wa propela hiyo.

Sasa akafungua mkoba. Akaitoa propela ya mbele, akaiweka juu ya majani, tukaenda tena na habu zimefungwa. Kimya. Difu ya mbele ilikuwa imezunguka safari nzima pasipo kulalamika, nayo ikatoka katika mashitaka. (Katika Land Rover ile yenye difu ya kati, atakayejaribu hivi sharti aifunge kufuli kwanza, la sivyo motokaa haitakwenda.) Akalala chini, akaushika mdomo wa transfa, akauzungusha kwa vidole na kuutikisa juu na chini. Ulizunguka laini, wala haukucheza. Akaichukua propela, akaikunja penye kiungo chake, kile ambacho mafundi hukiita krosi. Upande mmoja ulikunjika. Wa pili ulikwama, kisha ukalia kama bawaba ya mlango wa zamani. Akaifungua, na vumbi jekundu la kutu likamwagika kiganjani mwake. Maji ya mto yaliingia, grisi ikatoka, na chuma kikasaga chuma. Akatuita tutie vidole, kama Tomaso, nasi tukatia.

Krosi mpya ilipatikana Bunda kesho yake kwa bei isiyofika ya mabati mawili. Motokaa ikarudi kazini, na darasa likaezekwa kabla ya mvua za vuli. Yule fundi wa mjini hatumwiti mwizi. Huenda mkononi mwake zimepita transfa nyingi zilizokufa kweli, na sauti ile ikamkumbusha. Ila fedha za mjane ni vema ziulizwe maswali matano kabla hazijatumika.

Lakini asije mtu akasoma haya akadhani transfa haifi. Hufa, na dalili zake ni nyingine. Mvumo au mngurumo uzidio kwa mwendo, wenzo ukiwa umeungwa au haukuungwa, habu zikiwa zimefunguliwa, ukitoka chini ya katikati ya motokaa, yafaa uogopwe: huenda beringi zimekula. Sauti ikisikika katika gia nzito tu, gia hizo ndizo zenye neno. Katika transfa yenye mnyororo, mnyororo ukiisha kulegea huruka juu ya meno dereva akanyagapo mafuta kwa nguvu, na mshindo wake ni kama wa mtu apigaye sanduku kwa nyundo. Na wenzo ujitoao wenyewe mlimani si wa kufungwa kwa kamba, ingawa kamba hizo tumeziona kwa macho yetu. Beringi iliyovunjika ikiingia katikati ya meno yaweza kulipasua sanduku lote. Atakayesikia mshindo wa namna hiyo asimame, hata ikiwa usiku, hata ikiwa porini.

Iko na kelele nyingine izaliwayo na mkono wa dereva. Gia nzito katika motokaa nyingi yataka motokaa iwe imesimama, au imekaribia kusimama kabisa. Na mwenye habu za mkono, akiusukuma wenzo wa kuunga mbele huku anakwenda na habu zi wazi, propela ya nyuma yazunguka na ya mbele imelala. Meno yakutana, moja likimbialo na moja lisimamalo, nayo hulia. Hapo hapana kilichovunjika bado. Kitavunjika akizoea.

Kilicho kikubwa kuliko yote ni oili. Hukaguliwa motokaa ikiwa imepoa, mahali palipo sawa. Ubavuni mwa transfa pana nati ya kujazia, na chini pana nati ya kumwagia. Ifunguliwe ya kujazia kwanza, daima, maana tumeona mtu aliyefungua ya chini, oili yote ikanywewa na mchanga, kisha ile ya juu ikakataa katakata kulegea. Oili ifike ukingoni mwa tundu. Ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia. Wavukao mito kama Rubana na Grumeti wakati wa mvua na wasikie hili: sanduku lililopata moto likizama ghafula katika maji baridi, hewa iliyomo hupunguka, nayo huvuta, na ikiwa kipumulio chake kimezibwa na tope, huvuta maji kwa kupitia mipira ya shafti. Heri kungoja ukingoni kidogo, chuma kipoe. Unga laini wa kijivu katika oili iliyomwagwa si ajabu, ni uzee. Vipande ving'aavyo vinavyoshikika kwa vidole ndivyo vya kutisha. Pengine transfa huonekana haina oili na chini hapana hata tone: itazamwe giaboksi, maana mpira ulio kati yao ukichakaa, oili huhama nyumba, hii ikajaa kupita kiasi na ile ikakauka. Wala oili si ya namna moja. Transfa nyingi zataka ile nzito ya gia, nyingine zataka nyepesi kama ya giaboksi zijibadilishazo zenyewe, na kitabu cha motokaa ndicho cha kuamua, si muuza duka.

Mzee yule alipotaka kwenda zake tuliuliza malipo. Akataja kidogo, akaongeza sharti moja, ya kuwa motokaa iwekewe daftari. Sisi waalimu daftari hatukosi. Tuliliandikia jina juu ya jalada, tukalitundika kwa uzi nyuma ya kiti cha dereva. Humo huandikwa tarehe, safari, mto uliovukwa na maji yalifika wapi, oili iliyotiwa, sauti iliyosikika na ilisikika lini: kusimama au kwenda, mbele imeungwa au haikuungwa. Dereva mwanzo alinung'unika. Sasa huandika hata yasiyoulizwa, na kila avukapo maji yapitayo nusu ya gurudumu, kesho yake asubuhi huonekana chini ya motokaa amelala chali, bomba la grisi mkononi, akizitafuta krosi moja moja.